Nilivyomfundisha Jirani Yangu Kuwa Mzima

Mimi ni mtu wa ndani. Wengine walikuja London wakaitembea, mimi nilikuja nikaketi. Nina cherehani yangu karibu na dirisha, napunguza suruali za watu na kubadilisha zipu, na kama si kanisa Jumapili na duka la pale kona, Edmonton nzima ingehamishwa nami nisijue mpaka maziwa yaishe. Mume wangu, anayefanya kazi ghalani, hupenda kusema kwamba siku tukihama mimi nitaandikwa kwenye orodha ya samani.

Kwa hiyo aibu ninayotaka kuisimulia sikuifuata popote. Ilinikuta nyumbani, nimevaa kanga na sindano mdomoni.

Ilianza na jirani wa ghorofa ya tatu, mwanamke wa Kolombia wa rika langu, aliyekuja kuniletea suruali mbili za kazi za binti yake. Sisi tuko ghorofa ya kwanza. Jengo letu halina lifti, na yeye goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, nyonga nayo inalifuata. Alikuwa akishuka kwa kukalia ngazi, moja baada ya nyingine, na mto mdogo wa kukalia ameubana kwapani. Aliishi na binti yake huyo mmoja, anayefanya usafi maofisini na kuondoka alfajiri.

Wakati napima suruali, akaiona picha ukutani. Ni mimi, msichana mwembamba sana, nimesimama na watoto arobaini waliovaa sare.

"Profesora?" akauliza.

Sasa ngoja niseme ukweli wa ile picha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Mwalimu wa darasa la tatu pale kijijini alikuwa kwenye likizo ya uzazi, nikaombwa nishike chaki muhula mmoja. Nikaishika. Matokeo yakaja, yalivyokuja mnaweza kuyakisia, na chaki nikairudisha. Lakini kwetu aliyeshika chaki hata wiki moja huitwa mwalimu mpaka anazikwa. Hata huku kanisani wananiita mwalimu, na wala sikuwahi kumkatalia mtu. Jina linalokaa vizuri mwilini hulivui.

Nikamjibu, "Yes. Teacher."

"Of English?"

Kiingereza changu cha kidato cha nne kilipata D. Nikatazama sindano, nikatazama picha, nikasema, "English also."

Kuanzia siku hiyo akaniita *profe*, yaani ticha kwa Kihispania chao. Kila Jumanne na Alhamisi mchana alishuka na mto wake na daftari, akakaa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Mimi nikamimina chai, nikakohoa kidogo kama mwalimu mkuu, tukaanza.

Nilianza na wakati uliopo wa mazoea, kwa sababu kusema kweli ndio pekee niliokuwa na uhakika nao. Na nikagundua kwamba mtu wa Kihispania ana shida zake pale. Kwao kitenzi kinambeba mwenyewe ndani: *trabajo*, yaani nafanya kazi, neno moja tu, na mfanyakazi yumo. Ndiyo maana alikuwa akisema "Work in the house" na "Is cold", na mimi nabaki kuuliza nani anafanya, nini ni baridi. Nikamwambia hata kwetu ni vilevile, tukisema "nafanya" mtu tayari yumo ndani. Waingereza hawaamini hivyo. Wao wanataka kumwona mtu amesimama mlangoni kabla ya kazi: I work, it is cold.

Ile herufi ya mwisho, s ya "she works", nilimfundisha kwa ushonaji. Nikamwonyesha suruali. Nikasema, hii herufi ni pindo, na pindo hili linashonwa kwa he, she na it peke yao. Usiposhona, suruali itavalika, lakini watu wataona nyuzi. Alicheka, akaandika. Na kuuliza: kwao unainua sauti tu mwishoni na swali limekamilika. Nikamwambia huku inabidi umtume "do" atangulie kubisha hodi. Do you live here? Does she cook?

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba kwao neno lilelile linafaa kwa kinachotendeka sasa hivi na kwa cha kila siku. Alikuwa akikoroga sukari huku akiniambia, "I drink tea." Nikasema hapana mama, hiyo unayokoroga sasa ina namna yake. "I drink tea" ni tabia yako. Ukisema hivyo mtu ataelewa ndivyo ulivyo, leo, kesho, na mwaka ujao. Sisi tuna "hu" yetu: huamka, hunywa, hulala. Nilijisikia msomi, jamani. Nilikuwa nikimaliza somo natamani kengele ilie.

Mume wangu akirudi kazini alikuwa haishiwi utani.

"Shikamoo mwalimu mkuu."

"Toka hapa."

"Leo shuleni wanafunzi wangapi?"

"Mmoja."

"Na walimu?"

"Mmoja."

"Na kati yao anayejua Kiingereza ni yupi?"

Nikamrushia kipande cha kitambaa. Sikumjibu kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Kisha ikaja barua ya kaunsili, yaani halmashauri inayogawa nyumba. Jirani yangu alikuwa ameomba ahamishiwe nyumba ya chini, isiyo na ngazi, na sasa wakasema afisa atakuja kuona anavyoishi siku kwa siku. Kama anataka mkalimani wa Kihispania, aweke alama kwenye kijisanduku na kuirudisha karatasi. Akaniletea, kidole chake kwenye kile kijisanduku.

"I put, profe?"

Nikamwambia, "Mkalimani wa nini? Miezi minne yote tunafanya nini hapa?"

Akasema binti yake anaweza kuomba ruhusa kazini siku hiyo. Nikasema binti asihangaike. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimtakia ajitegemee. Sivyo. Nilitaka kumsikia afisa wa serikali akiongeleshwa Kiingereza nilichokishona mimi. Maisha yangu yote huku sijawahi kuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya zipu.

Nikampa kazi ya nyumbani: aandike siku yake, kuanzia asubuhi. Alhamisi akaleta ukurasa. Ninaukumbuka kuliko shairi lolote nililokaririshwa shuleni. *I wake up four o'clock because the leg hurt. My daughter put me the socks. I wash sit in the chair. I no go down three days, four days. I cry a little but not when she is here.*

Anaamka saa kumi kwa maumivu, anavalishwa soksi na binti yake, anaoga amekaa kwenye kiti, hashuki siku tatu nne, analia kidogo binti akiwa hayupo. Yote yalikuwepo, na ilikuwa nusu ukurasa tu.

Nikachukua penseli. Nikaanza na mapindo, nikashona palipopungua. Hapo ndipo ningeacha. Lakini penseli ikaendelea, kwa sababu ukurasa ule ulinitia haya. Ulinitia haya mimi, kwa niaba yake. Mgeni anaingia nyumbani kwa mtu, tena mgeni wa ofisini, hata chai hajaonja, unamwangushia machozi na habari za soksi? Mimi nimelelewa kwamba mtu akiulizwa habari anajibu nzuri. Nyumba inaungua, nzuri. Kwanza nzuri, halafu ndiyo unasema ila. "Nzuri tu, ila paa limeshika moto."

Nikafuta. Nikaandika upya, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: *I wake up at six. I wash. I make coffee. I go down the stairs every day. I walk to the shop. I am fine, thank you.*

Akausoma polepole, midomo ikitembea.

"But profe," akasema, "is not true."

"It is not true," nikamsahihisha. Mungu anisamehe, nilimsahihisha kitenzi.

Kisha nikamweleza. Tukiongea sisi wawili Kiingereza chetu kilikuwa cha viraka, kwa hiyo hapa nakiweka kwa Kiswahili. Nikasema, hii ndiyo adabu. Kwanza unamjibu kwamba uko salama. Yeye atakuuliza tena: na afya? Na miguu? Na usingizi? Hapo ndipo unafungua moyo. Akitaka kujua kweli atauliza mara ya pili, hata ya tatu.

"Always he ask again?"

"Always," nikasema.

Kwetu ndivyo. Salamu za kwetu zina vyumba vingi, na mgonjwa hukaa chumba cha nyuma, utafika tu. Miaka yote niliyokaa London nilikuwa sijakaa na mtu wa ofisini muda wa kutosha kujua kwamba wao nyumba yao ina mlango mmoja, wakiingia hapo na kutoka wamemaliza.

Afisa akaja Jumatano, kijana mpole mwenye tableti, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nimepanda mapema na maandazi kwenye bakuli, nimevaa gauni la kanisani, nikakaa kwenye kiti cha pembeni. Jirani alikuwa kwenye sofa, nywele amezibana vizuri, mikono juu ya magoti.

Akamuuliza anaendeleaje. "I am fine, thank you."

Akamuuliza siku yake ya kawaida ikoje. Naye akaanza, na mimi pembeni midomo yangu inamfuata kimyakimya. I wake up at six. I wash. I make coffee. Kila sentensi mtu wake amesimama mlangoni. Akauliza binti yake hufanya nini. "She works. She goes very early." Mapindo yote mawili! Nilibana mikono nisipige makofi.

"Na ngazi unazimudu?" afisa akauliza.

Jirani akanitazama. Ninaapa alinitazama, na mimi nikamtikisia kichwa, kama ninavyowatikisia watoto wa kwaya waingie.

"Yes," akasema. "I go down the stairs every day."

Kidole cha afisa kikagusa tableti. Nilingoja aulize tena. Jirani pia alikuwa anangoja, nilimwona ameinua kidevu kidogo. Afisa akatabasamu, akasema Kiingereza chake kizuri sana, amejifunzia wapi?

"My teacher," jirani akasema, akanionyesha kwa mkono.

Nikainamisha macho kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao. Afisa akachukua andazi, akaaga.

Barua ilifika baada ya majuma matatu. Nilimsikia anashuka nayo, kishindo, kimya, kishindo, kimya, nami nikafungua mlango nikamngoja. Akanipa nisome. Maombi yamekataliwa. Mwombaji ameeleza kwamba huoga mwenyewe, hushuka ngazi kila siku, hutembea kwenda dukani, na kwa jumla hana shida. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza, nakiri, nilitafuta makosa ya sarufi.

"Why?" akaniuliza.

Na mimi, mwalimu, nikamwambia watu wa kaunsili ndivyo walivyo, wanakataa kila mtu, asijali. Akaitikia kwa kichwa. Akabana mto kwapani akaanza kupanda, na kupanda kwake kulikuwa kubaya kuliko kushuka.

Jioni mume wangu aliikuta nakala ya barua ile, niliyokuwa nimeinakili kwa ajili ya kujiliwaza, sijui kujiliwaza na nini. Akaisoma amesimama, koti bado mwilini. Nikangoja utani. Nilikuwa nauhitaji.

"Hii barua," akasema, "umeiandika wewe."

"Kaunsili wameiandika."

"Mama wee. Soma tena. Huoga, hushuka, hutembea dukani. Hii ni sauti yako kabisa. Hata mimi ukiniandalia hotuba huwa naambiwa nimetosheka na kila kitu."

Akavua koti, akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Siku hiyo hakuniita mwalimu mkuu.

Ilinichukua siku mbili kupanda ngazi za ghorofa mbili. Mtu wa ndani ana visingizio vingi: nilikuwa na pazia la mtu, nilikuwa na mchuzi motoni. Nikapanda Ijumaa. Nikamkuta amekaa pale pale kwenye sofa, runinga imezimwa sauti. Nikasema kabla hajanikaribisha, kwa sababu akinikaribisha ningesema nzuri.

Nikamwambia mimi si mwalimu.

Akaniangalia. "The photo?"

"Muhula mmoja."

"How much is one?"

"Miezi mitatu."

"Three," akasema. Akainua vidole vitatu, akavitazama kama vya mtu mwingine. "Me, secretary of school. Nineteen years." Miaka kumi na tisa ofisini kwa mwalimu mkuu, anaandika barua, anapanga mafaili, anasikiliza wazazi. "Teachers, I know very good."

Nilikuwa nimeketi naye miezi mitano. Nilimuuliza anakunywa nini asubuhi na anapika nini jioni, nikamtuma "do" abishe hodi kwenye kila swali la dunia, na sikuwahi kumuuliza kazi yake ilikuwa nini. Nikamwambia hivyo. Akasema tu, "No. You no ask."

Kisha akaongea Kihispania, maneno mengi, si kwa ukali, akiangalia dirishani. Sikuelewa hata moja na sikustahili kutafsiriwa.

Alipomaliza akanyoosha mkono. "The first," akasema. "The first page. You have?"

Nilikuwa nao. Maneno yake niliyokuwa nimeyafuta yalikuwa bado yanasomeka chini ya yangu, maana alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino na kifutio changu kilikuwa kimekwaruza karatasi tu. Tukaunakili upya mstari kwa mstari. Yeye alitamka, mimi niliandika, na nilipofika "the leg hurt" mkono wangu uliniwasha, nikauzuia. Tukaomba uamuzi uangaliwe tena, na safari hii kile kijisanduku cha mkalimani alikiwekea alama mwenyewe, kwa nguvu, kalamu karibu itoboe.

Siku ya ziara ya pili aliniambia nije. "You sit," akasema. "You no speak."

"Sisemi."

"Good student."

Afisa alikuwa mwanamke mtu mzima, na mkalimani alikuwa sauti ya kike kwenye simu iliyowekwa mezani. Jirani akaanza kuongea. Mimi nilimjua mwanamke anayeamka, anayenawa, anayekunywa kahawa. Huyu hapa alikuwa na mikono inayoruka, sauti inayopanda na kushuka, alikuwa na maoni. Alisema kitu mkalimani akacheka kabla ya kutafsiri, na afisa akacheka baada, na mimi nilikuwa wa mwisho kama kawaida.

Alieleza ngazi, kiti cha kuogea, saa kumi alfajiri. Kisha afisa akauliza kwa upole kwa nini mara ya kwanza alisema mambo mengine. Jirani akajibu kwa kirefu, bila kunitazama. Sauti ya simu ikatafsiri:

"Anasema alijua si kweli. Alikuwa anangoja yule kijana aulize tena, kwa sababu mwalimu wake alimwambia huuliza tena. Hakuuliza. Na mwalimu wake alikuwa amekaa pale chumbani, amevaa nguo nzuri, amefurahi sana. Anasema hakutaka kumwaibisha mbele ya mgeni."

"Mwalimu gani?" afisa akauliza.

Nikanyoosha mkono juu, kama mtoto wa darasa la tatu.

Afisa akanigeukia. Akaniuliza, mimi ninayeishi chini yake, siku ya kawaida ninaona nini? Nikamtazama jirani kuomba ruhusa, akainua bega. Nikasema. Kiingereza kilinikimbia chote. She sit. She come down, she sit, she stop, she sit again. Sikushona pindo hata moja, na yule mama aliandika kila neno bila kuinua kichwa. Akaniuliza tena, na usiku je? Na majira ya baridi je? Kumbe wapo wanaouliza.

Wakakubali. Barua ilikuja, safari hii alisoma binti yake, akanieleza nilipopanda, wakiwa wote wawili mlangoni kwao. Atapewa nyumba ya chini. Ila yuko kwenye foleni, na nafasi yake kwenye foleni inahesabiwa kuanzia ziara ya pili. Ile miezi ya nyuma haimo. Nyumba mbili za chini katika jengo la pili zimekwisha kutolewa wakati ule tulipokuwa tunangoja, moja naiona kutoka dirishani kwangu, wameshaweka mapazia.

Nilisema nitawaandikia. Nitawaeleza kosa lilikuwa langu, wamrudishie nafasi yake ya kwanza. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuipanga kichwani, mwanzo wake, heshima zake, samahani kwa usumbufu.

Jirani akaniwekea mkono begani. Si mkono mkali.

"No, profe," akasema. "This one, my daughter write."

Nikasema ni vizuri. Binti akanishukuru kwa suruali. Wakafunga mlango taratibu, nami nikashuka zile ngazi zote bila hata kushika reli, upesi, kwa magoti yangu mawili mazima.